Hapakuwa na Kibao cha Kukataza

Juzi nilipokea ujumbe wa msomaji, dada mmoja aliyeanza kusafiri na gari-nyumba mwezi huu tu. Aliegesha usiku kwenye uwanja wa wazi jirani na makazi ya watu, akawasha jenereta kuchaji betri, na kabla ya saa sita akagongewa mlango na mwenye nyumba ya jirani akaambiwa aondoke. Alihama gizani, hajui aendako, watoto wameamka wanalia. Ameniandikia kwa uchungu: "Hapakuwa na kibao cha kukataza. Kosa langu liko wapi?"

Sikumjibu siku ile. Maneno hayo ya kibao niliwahi kuyasema mimi, kwa sauti ya juu, mbele ya mtu aliyekuwa amechoka kiasi cha kushindwa kubishana. Kwa hiyo dada yangu, nivumilie, nitaanzia mbali kidogo.

Huu ni mwaka wangu wa sita wa kulala barabarani. Nimepita milimani, pwani na kwenye barabara za vumbi, na najivunia kwamba miaka minne sasa hakuna mtu aliyewahi kunigongea mlango kwa hasira. Mwaka wa kwanza haukuwa hivyo. Gari letu lina urefu wa mita saba na ushee, na nafasi za magari madogo aghalabu hazizidi mita tano. Ukiliingiza huko, makalio yanabaki njiani. Nikajizoesha kuegesha upande wa malori. Nilidhani nimevumbua jambo.

Jioni moja tulifika kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu saa kumi na mbili. Nafasi za malori zilikuwa wazi karibu zote. Nikaliweka gari katikati ya mojawapo, mke wangu akatoa viti na meza, mimi nikakunjua turubai la ubavuni. Tulipika, tukala nje, tukaongea mpaka giza likaingia. Nilipofunga mapazia uwanja ulikuwa umejaa malori, na nililala nikijipongeza kwa kuwahi.

Saa nane usiku mlango ukagongwa. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa makamo, macho mekundu. Hakunitukana. "Samahani kaka, unaweza kunisogezea? Saa zangu zimekwisha." Sikumwelewa, wala sikujaribu kumwelewa. Nilimwambia nimetangulia kufika, na kwamba hakuna kibao kinachonikataza. Alinitazama kidogo, akasema "sawa", akaondoka. Nilipojilaza tena, mke wangu akaniuliza, "Saa gani hizo alizosema zimekwisha?" Nikajifanya nimeshalala.

Asubuhi nikaliona lori lake. Alikuwa ameliegesha pembezoni mwa njia ya kutokea, magurudumu ya upande mmoja kwenye nyasi, taa za dharura zikipepesa. Kila lori lililotoka lilipita karibu kabisa na kichwa cha lake, mahali alipolaza ubavu. Nilitaka kumwendea. Nikaona haya, nikakunja turubai, nikawasha gari na kupita mbele yake bila kugeuza shingo. Miaka imepita na bado jambo hilo linanichoma.

Baadaye nilitafuta maana ya zile saa. Katika Umoja wa Ulaya dereva wa lori kwa kawaida haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku, na akishaendesha saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45. Mapumziko yake ya kila siku ni saa 11 mfululizo, ingawa siku chache yanaweza kushuka hadi 9. Kifaa kilichomo ndani ya lori kinarekodi yote hayo. Nchini Marekani mwenye lori la mizigo huendesha saa 11 kwa kikomo, baada ya kupumzika 10 mfululizo. Maana yake, mtu yule hakuwa na hiari ya kusogea kituo kinachofuata. Mimi ningeweza kuendesha dakika ishirini zaidi bila kuvunja sheria yoyote. Yeye angevunja sheria, tena akiwa na tani kadhaa mgongoni na usingizi machoni. Na nafasi niliyoikalia ilichorwa kwa ajili yake.

Tangu siku hiyo silali kwenye nafasi ya lori. Nikikosa pa kuegesha naendelea na safari, hata kama mgongo unauma. Wapo wasafiri wenzangu wanaoniambia nimezidisha. Hawajaona zile taa zikipepesa kwenye nyasi.

Mwaka uliofuata nilionja upande wa pili. Mke wangu alikuwa na homa, tumeegesha mahali palipotulia, na jirani akaja usiku akawasha jenereta yake, ekzosi ikielekea dirisha letu. Nilimwendea kwa upole. Akanijibu kwamba jenereta yake ni ya aina isiyo na kelele, akafunga mlango. Tuliusikiliza muungurumo ule hadi baada ya saa sita, na dirisha nililifunga kwa hofu, kwa sababu moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Nilimchukia mtu yule kwa wiki nzima. Kisha nikakumbuka kwamba kuna mtu mahali fulani aliyekuwa na haki ya kunichukia mimi vilevile.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba usiku sauti husafiri kuliko mchana. Ardhi ikipoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti badala ya kupaa inapinda kurudi chini. Ongeza ukimya wa magari yaliyolala. Jenereta ambayo saa kumi jioni huisikii ukiwa hatua hamsini, saa nne usiku inaingia hadi chumbani kwa mtu. Dada yangu, wewe ulikuwa umekaa juu ya kelele yako na ukaizoea. Mwenzio alikuwa kitandani, na huenda alikuwa anaamkia kazini alfajiri.

Chaji betri mchana ukiwa njiani, injini ikikufanyia kazi hiyo, au weka sola juu ya paa. Ikibidi jenereta, iwashe kabla jua halijazama na uizime kabla watu hawajalala. Usiku tumia taa chache. Mlango wa kuburuza ndio adui mkubwa kuliko wote, kwa hiyo toa unachohitaji mapema, mswaki, maji, blanketi, kila kitu, kisha funga mara moja tu. Nimewahi kuhesabu jirani akiufungua na kuufunga mara kumi na moja kati ya saa nne na saa tano.

Na ulisawazishe gari ukifika, siyo baadaye. Najua kwa nini watu hupanda na kushuka zile kabari zinazowekwa chini ya magurudumu ili gari likae sawa, usiku wa manane, injini ikinguruma: friji ya gesi hutegemea mwinamo wa mabomba yake ili kimiminika kitiririke, na gari likiinama haigandishi, hata inaweza kuharibika. Basi fika na mwanga. Weka pimamaji sakafuni, maliza. Kisha geuza pua ya gari ielekee njia ya kutokea, ili ukiondoka alfajiri usirudi rivasi na king'ora kikaamsha uwanja mzima.

Viti na turubai, acha ndani. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalotufungia milango sote. Kulala garini ni jambo moja, kupiga kambi ni jingine. Ujerumani, kwa mfano, kulala usiku mmoja mahali panaporuhusiwa kuegesha, ili urudishe nguvu za kuendesha, kunavumilika; ukitandaza viti na turubai unahesabiwa umepiga kambi. Uskoti watu wana haki pana ya kutembea na kulala kwenye ardhi ya wazi, lakini haki hiyo haimhusu aliyekuja na chombo cha moto. Mwenye eneo akiona meza nje, anaona mtu aliyekuja kukaa. Kesho yake kibao kinasimikwa, na atakayekuja baada yako, labda amechoka kuliko wewe, anakosa pa kulala.

Kuhusu maji machafu sitaki kusema mengi maana hasira hunipanda. Hata yale ya kuoshea vyombo, usiyaachie yatone chini, na usifungue koki ukidhani mvua itafuta. Mfereji wa mvua mara nyingi unaishia mtoni moja kwa moja. Sanduku la choo la gari nyingi linabeba lita 17 hadi 20 hivi, na kwa watu wawili linajaa ndani ya siku mbili tatu. Kwa hiyo panga safari kwa kulifuata hilo, usisubiri likulazimishe. Dawa kali za choo huua bakteria wanaofanya kazi ndani ya shimo la maji taka, kwa hiyo hata choo cha mtu aliyekukaribisha usikimwagie bila kumuuliza.

Uliza. Hapo ndipo ulipoteleza, dada yangu, na hapo ndipo nilipoteleza mimi. Kibao kisipokuwepo bado watu wapo. Kabla ya kuzima injini natembea kwa miguu, natazama madirisha yanaelekea wapi, nani anaingia na kutoka, lori la barafu limesimama wapi. Lori lenye friji halizimi mashine yake usiku kucha, mzigo utaoza, kwa hiyo ni mimi ninayesogea, simwendei dereva kumlalamikia. Nikimwona mtu yeyote wa pale namsalimu na kumwambia nitalala hapa usiku mmoja, nitaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Karibu mara zote wanakubali. Wakikataa nashukuru, nawasha gari.

Mwishoni mwa ujumbe wako umeuliza kama inafaa urudi pale kwa yule mwenye nyumba au upotezee. Rudi. Nenda mchana, uache gari mbali, utembee mpaka mlangoni kwake na umwambie jenereta ile ilikuwa yako. Usimweleze habari za kibao. Huyo wa kwako bado una anwani yake.