Kuwavuta vijana wa sekondari kwenye uashi

Mwalimu, umeuliza utawavutaje wanafunzi wako kwenye uashi wakati wote wanataka kazi za ofisini. Mimi ningeanza na hesabu, si hotuba. Watoe nje, wape uzi, vigingi vinne na futi kamba, waambie wapige kona ya msingi. Upande mmoja futi 3, upande wa pili futi 4, ukikatiza kati ya alama hizo lazima isome futi 5. Isiposoma 5, kona imekwenda tenge na nyumba nzima itakwenda tenge. Hiyo ndiyo Pythagoras waliyoikariri ubaoni bila kujua ina kazi gani! Kuna watakaoduwaa, na hao ndio wa kuanza nao.

Halafu wape mwiko, timazi na pima maji, wapange kozi (safu za matofali) mbili tatu kwa udongo, maana saruji ni ghali na itaganda kabla hawajarekebisha.

Wasichana usiwaache pembeni. Lipu na kupanga vigae vinataka jicho na subira kuliko misuli.

Kuhusu cheti, siku hizi kuna mkondo wa amali (masomo ya ufundi) sekondari, uliza kama shule jirani inao. VETA (mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania) nako kuna mafunzo ya ngazi ya I hadi III. Hata aliyejifunzia saiti kwa kubeba zege anaweza kupimwa ujuzi wake VETA akapata cheti. Wazazi waambie hilo mapema, wao ndio wagumu kuliko watoto.