Usimuulize mama wa sambaza kama simu imembadilishia maisha

Mdogo wangu, umesema TFC yako, ile kazi ya utafiti ya kumalizia masomo ya chuo, itahusu athari za simu kwa wauzaji wa soko la Kadutu, na dodoso lako lenye maswali 60 liko tayari. Kabla hujapiga fotokopi, sikia yaliyonikuta mimi, hapa hapa Bukavu.

Swali langu la kwanza lilikuwa: "Je, simu imeboresha biashara yako?" Kinamama wauza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, wote wakajibu ndiyo. Wote! Mmoja akauliza msaada utagawiwa lini. Prof wangu akasoma ukurasa mmoja, akaniuliza: "Imeboresha kuliko nini?" Nikanyamaza.

Akanipa makala ya mchumi Robert Jensen ya 2007, juu ya wavuvi wa dagaa wa Kerala, India. Kule simu zilifika kwa awamu kati ya 1997 na 2001, hivyo Jensen akalinganisha fukwe zilizokwisha kuzipata na zile zilizokuwa bado, bei wiki kwa wiki. Bei zikakaribiana, samaki wa kutupwa wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 hivi.

Sasa Bukavu, soko lisilo na simu utalipata wapi? Mimi niliokolewa na mtandao mbovu. Nilikuwa nashuka ziwani, Beach Muhanzi, alfajiri, pirogi za wavuvi zinaporudi, naandika bei kwenye daftari. Siku tatu mtandao ukakatika. Nikangoja bei zivurugike. Wapi! Kila mama alimwendea mvuvi wake, akachukua sambaza kwa bei ya juzi. Kumbe mama alishamkopesha mvuvi pesa ya nyavu na mafuta ya taa. Yule hawezi kumuuzia mwingine. Simu yao ya usiku si ya kutafuta bei, ni ya kulinda deni: "Usinisahau." Mtafiti Thomas Molony aliandika jambo la namna hiyo mwaka 2008 kuhusu wakulima wa Tanzania na madalali wanaowakopesha. Mimi nililijua baada ya miezi mitatu ya kuzungusha makaratasi.

Angalia na mwezi pia. Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti sambaza, bei inapanda. Nusura niandike kwamba ni mambo ya simu.

Dodoso usilitupe, ila liongezee mawili: nani anamdai nani, na laini imeandikishwa kwa jina la nani. Niliwakuta kinamama ambao laini ni ya mume, na pesa ya wateja inapita kwanza mkononi mwake. Hilo muulize mama akiwa peke yake. Mimi niliuliza mume akiwa pembeni, akajibu yeye.