Tairi za mbele zinalika: nipime uani au niende gereji?

SWALI

Bwana Fundi, salamu nyingi. Nina lori la ekseli mbili ambalo hubeba unga kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi. Tairi zake zote mbili za mbele zinalika ukingo wa nje, na usukani umekaa mshazari hata ninapokwenda moja kwa moja. Nimelipeleka gereji mara mbili kufanyiwa paralelisme (kulinganisha magurudumu ya mbele), na kila mara lilitulia majuma mawili tu kisha likarudia hali ile ile. Mdogo wangu anadai kuwa kazi hiyo hufanyika uani kwa mita na kamba, na kwamba ninatupa pesa bure. Je, ni kweli? Na tairi mpya, ninunue sasa au ningoje?

Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

JIBU

Ndugu msomaji, mdogo wako hakukosea, ila ameanzia katikati ya kazi. Ikiwa ekseli ya mbele ya lori lako ni chuma kimoja kinachotoka gurudumu hadi gurudumu, kama ilivyo kwa malori mengi, basi kipimo kinachorekebishwa kwa spana ni kimoja tu, nacho ni kiasi ambacho magurudumu hukaribiana kwa mbele kuliko kwa nyuma. Kipimo hicho hupimika uani bila mashine. Lakini kipimo kilichofungwa sawasawa hakihami chenyewe baada ya majuma mawili. Ukiona kimehama, shuku vyuma vinavyokishikilia, nami nadhani gereji uliyokwenda ilipima mara mbili bila kuvigusa vyuma hivyo.

Kwa hiyo anza na ulegevu. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo, inua ekseli ya mbele kwa kriki, uweke magogo imara chini yake, kwa maana kriki peke yake si ya kuaminiwa hata kwa dakika moja. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa: mchezo ukitoweka, tatizo ni rulema (beringi ya gurudumu), ukibaki, pivo, yaani pini ambayo gurudumu hugeukia, au bushi zake zimekwisha. Kisha shusha lori, mtu atikise usukani kidogo kushoto na kulia huku wewe umeweka kiganja juu ya kila rotuli, yaani kiungo cha mwisho wa fimbo za usukani. Rotuli inayocheza mkononi mwako haifai kupimiwa chochote mpaka ibadilishwe. Rotuli unaweza kuibadilisha nyumbani ukiwa na vifaa na uzoefu, lakini pivo ipeleke gereji, kwa sababu bushi mpya husukumwa kwa presi na kuchongwa ndani kwa kipimo chake.

Ulegevu ukiisha, ndipo upime. Jaza upepo sawa katika tairi zote mbili, ulisimamishe lori mahali tambarare. Inua kila gurudumu la mbele, ulizungushe huku umeshikilia msumari bila kuutikisa katikati ya tairi, upate mstari mwembamba unaozunguka tairi zima. Shusha lori, nyosha magurudumu, usogeze lori mbele mita chache ili vyuma vikae mahali pake. Sasa weka alama juu ya kila mstari kwa upande wa mbele, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu, upime umbali kati ya alama mbili. Kisha sogeza lori mbele mpaka alama zile zile zifike nyuma kwa kimo kile kile, upime tena. Kutumia alama zile zile huondoa kosa la rimu iliyopinda. Malori mengi ya namna hii hutaka mbele pawe pafupi kuliko nyuma kwa milimita 1 hadi 3, ingawa kitabu cha lori lako ndicho chenye neno la mwisho.

Kulika kwa nje pande zote mbili huonyesha kwamba mbele pamebana mno. Kiganja chako kinaweza kukuthibitishia: kipitishe juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kirudishe, kikiteleza kinapokwenda na kukwaruzwa kinaporudi, ndivyo hivyo. Fimbo inayounganisha magurudumu ikiwa nyuma ya ekseli, legeza vibano vyake vya pande mbili, uizungushe iwe fupi, robo mzunguko kwa mara moja, ukipima kila mara.

Kuhusu usukani ulio mshazari, nakuomba usikubali fundi auchomoe na kuurudisha ukiwa umenyooka. Huo ni urembo tu. Boksi ya usukani imeundwa iwe imekaza inapokuwa katikati, na ukienda moja kwa moja huku yenyewe iko pembeni, utahisi usukani mlegevu, na lori litakata kona vizuri zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kinachorekebishwa ni fimbo ile nyingine, itokayo kwenye boksi kwenda kwenye gurudumu.

Kabla ya hapo pima pia umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana sana, ekseli ya nyuma imehama, mara nyingi kwa sababu bolti ya katikati ya springi imekatika chini ya mzigo kupita kiasi. Lori la hivyo hutembea ubavu ubavu, na dereva hulazimika kushika usukani mshazari hata mbele pakiwa sawa kabisa.

Gereji yenye mashine iachie ekseli iliyopinda na kila kipimo cha mwinamo. Usimpe mchomeleaji wa kando ya barabara aipashe ekseli au fimbo ya usukani moto ili ainyoshe. Chuma hicho hupoteza nguvu, na siku kitakapokatika hutakuwa na usukani.

Tairi mpya zingoje. Endesha na hizi za zamani hadi Kasumbalesa na kurudi, kaza tena vibano, upime upya; namba zikibaki zilezile, nunua.