Kupanda vilima vya Dodoma mwezi wa kumi bila kuzidiwa na jua

Ndugu, unasema mlianza kupanda saa 3 asubuhi, kila mtu na chupa ya lita moja, na saa 6 kichwa kikakugonga. Hapo maji hayakutosha, na saa nazo zilikuwa mbaya.

Kiangazi cha Dodoma kinadanganya. Hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hutoki jasho kabisa. Miamba nayo hufyonza joto tangu asubuhi na kukurudishia usoni. Kwa hiyo anzeni saa 12 alfajiri, saa 4 muwe mmeshashuka.

Maji: nusu lita hadi robo tatu kwa kila saa ya kupanda, kwa mafunda madogo kila dakika 15 au 20. Safari ya saa nne beba lita 3. Lita moja kati ya hizo iwe na pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji (usipunguze maji ukidhani itakuwa na nguvu zaidi), kwa sababu maji matupu mengi hayarudishi chumvi iliyotoka na jasho. Korosho za chumvi nazo zinasaidia.

Vaa shati jepesi la mikono mirefu na kofia pana. Kapelo huacha masikio na shingo vikiungua.

Mwenzako akianza kuongea ovyo au kupepesuka, hiyo si uchovu. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na usafiri wa hospitali uitwe papo hapo. Aliyechanganyikiwa msimnyweshe kitu.