Jibu: Kabla ya kuwakabidhi magavana polisi, tuulize mafuta ya gari la doria yanalipwa na nani

Mwenzetu aliyefungua uzi huu ameuliza kama polisi wa Kenya wakabidhiwe serikali za kaunti ili wananchi wajue wa kumlaumu usalama unapozorota. Nimehudumu katika kamati ya polisi jamii kwenye wadi moja ya Pwani, na jibu langu ni hapana, ila naielewa vyema hasira iliyozaa swali hilo.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaiweka kazi ya polisi chini ya serikali ya kitaifa, na amri yote iko kwa Inspekta Jenerali mmoja. Tukikumbuka ghasia zilizotokea baada ya uchaguzi wa 2007, sioni busara ya kumpa kila gavana kikosi chake cha watu wenye bunduki. Hata hivyo, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ilitupa mlango ambao wengi hawaujui. Kifungu cha 41 kinaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au mtu anayemteua kutoka kamati kuu ya kaunti, na ndani yake wamo wajumbe wa bunge la kaunti, wakuu wa polisi, na raia kutoka makundi ya wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini na watu wenye ulemavu. Haiwaamuru askari, kazi yake ni kupendekeza malengo, kufuatilia mwenendo wa uhalifu na kuangalia matumizi ya fedha. Kaunti nyingi zimekaa miaka mingi bila kuwa nayo, na hilo linaniuma zaidi kuliko suala la nani avae cheo gani.

Katika wadi yetu gari la doria lilikuwa likishinda uani kwa kukosa mafuta. Mwizi akivunja duka usiku, mwenye duka alipopiga simu aliulizwa kwanza kama anaweza kuchangia mafuta, naye alilipa kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Baadaye mfanyabiashara mmoja akajitolea kulijazia gari tangi mara kwa mara, na sote tulimshukuru barazani. Haikuchukua muda tukaona doria zinazunguka barabara ya maghala yake, huku akina mama wanaorauka alfajiri kwenda sokoni wakiendelea kuporwa kwenye vichochoro vya upande wa pili. Sina ushahidi kwamba kuna aliyetoa amri hiyo, na pengine haikuhitajika: askari anajua tangi limejazwa na nani. Ndiyo maana napinga pendekezo lililotolewa humu kwamba wakazi wachangie kituo moja kwa moja. Hata majengo yanayojengwa kwa fedha za NG-CDF (mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge), ambayo nayaunga mkono, hayasaidii sana iwapo hakuna fungu la kuyaendesha.

Mnamo Septemba 2022 Rais Ruto, katika hotuba ya kuapishwa kwake, alitangaza kuihamisha bajeti ya polisi kutoka Ofisi ya Rais na kumfanya Inspekta Jenerali awe afisa mhasibu, yaani anayesimamia na kuwajibika kwa matumizi ya fedha hizo. Ilikuwa hatua njema, lakini uhuru wa fedha unaoishia Nairobi haumfikii OCS (mkuu wa kituo cha polisi) anayetafuta mafuta usiku. Ningependa kila kituo kiwe na fungu lake la mafuta, matengenezo ya gari na chakula cha mahabusu, na taarifa ya matumizi ibandikwe ukutani kila robo ya mwaka, kisha isomwe mbele ya Mamlaka ya Kaunti, mkuu wa kituo akiwepo kujibu maswali.

Kuhusu uwajibikaji, IPOA, mamlaka huru ya kusimamia mwenendo wa polisi iliyoundwa na sheria ya 2011, inapaswa kuchunguza kila kifo na kila jeraha baya linalotokana na kitendo cha polisi, na ni lazima iendelee kuwa mbali na wanasiasa wa kaunti. Kwa malalamiko madogo ya kila siku, kama vile kunyimwa namba ya OB (kitabu cha kuandikia matukio kituoni) au kudaiwa pesa ya fomu ya P3 (ya ripoti ya daktari kuhusu majeraha), mwananchi wa kijijini anahitaji mahali pa karibu zaidi pa kusikilizwa. Ninyi mnaoishi katika kaunti ambayo bado haina Mamlaka hiyo, mwandikieni mjumbe wenu wa bunge la kaunti, mtaje kifungu cha 41 kwa jina, na mwombe jibu kwa maandishi.