Namba 8 au namba 9: upi unataka ufundi?

Kaka, umeuliza upi mgumu kati ya pool ya namba 8 tunayocheza baa na ile ya namba 9, maana jamaa yako anadai namba 9 ni bahati tu. Kidogo ana haki. Ukigusa kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote mezani, halafu 9 ikadumbukia kwa kubahatisha, umeshinda. Ndiyo maana mashindano huchezwa raundi nyingi, bahati iishe nguvu.

Ugumu wa namba 9 uko kwenye mpira mweupe, ule unaoupiga kwa fimbo. Huchagui: 1, kisha 2, kisha 3. Ukiuacha mweupe umeganda ukingoni na 2 iko ng'ambo ya meza, umekwisha. Namba 8 inakupa mipira 7 ya kuchagua, ila hiyo hiyo ndiyo inayokuzibia njia. Hapo akili inatangulia mkono.

Kwangu mimi mfalme ni 14.1, aina nyingine ya pool. Unapiga mpira wowote, lakini unautaja pamoja na shimo lake. Ikiingia mipira 14, inapangwa upya. Wa 15 unabaki ulipo. Bingwa wa pool Willie Mosconi alifunga mipira 526 bila kukosa, Marekani, 1954. Kuutazama mchezo huu kunachosha, nakubali. Na meza zetu za sarafu zinameza mipira, huwezi kuipanga upya, kwa hiyo sahau.

Wewe anza hivi: tandaza 1, 2 na 3 tu, weka mweupe kwa mkono, maliza kwa mfuatano. Ukiweza mara tano mfululizo, ongeza ya 4.