Ukitaka Kuandika Historia ya Wachoraji wa Tingatinga

Mwanafunzi anayekuja Dar es Salaam kukusanya historia ya wachoraji wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji uliopewa jina la mwanzilishi wake, kwa kawaida huwa amejiandaa kuandika habari za mtu mmoja, Edward Saidi Tingatinga, kwa kuwa hizo ndizo zinazopatikana kwa urahisi: alizaliwa mwaka 1932, akaanza kuchora mnamo 1968, akafariki mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Yote hayo ni kweli, lakini miaka michache ya kuchora haiwezi kueleza kikundi kilichodumu zaidi ya nusu karne baada yake. Ushauri ninaoushikilia kuliko mwingine wowote ni huu: anza na waliobaki.

Amua mapema unamaanisha nini unapoandika kwamba kikundi "kilianza". Mwaka 1968 alianza mtu. Baada ya 1972 wanafunzi wake na jamaa zao walijikusanya kuendeleza kazi kwa pamoja. Mwaka 1990 umoja huo ukawa chama cha ushirika. Wapo pia ambao hawakukubali kuingia katika umoja huo, na baadhi yao wakaunda kundi lao huko Slipway, eneo la maduka jijini Dar es Salaam. Mchoraji akikutajia umri wa kikundi, muulize anahesabu kuanzia wapi, maana jibu lake mara nyingi litakuonyesha yuko upande gani. Wale waliojitenga nao wahojiwe, tena mapema, kabla hujazoea masimulizi ya upande mmoja ukayaona ndiyo historia yenyewe.

Katika mahojiano, neno "historia" lina kawaida ya kumfanya mzee anyooshe mgongo na kukupa hotuba ambayo wageni wengi wameshaisikia. Keti karibu naye anapofanya kazi, ikiwa ameridhia, kisha uulize mambo madogo: "Mzee, ubao wako wa kwanza ulipewa na nani? Rangi ilinunuliwa kwa fedha ya nani? Picha ikiuzwa, aliyejaza rangi ya nyuma alipata fungu gani?" Maswali ya namna hiyo humrudisha mtu kwenye mkeka aliokalia na kwa jirani aliyekuwa akimwazima brashi, na majina huanza kutoka yenyewe. Andika nani alijifunza kwa nani, na kama walikuwa ndugu, kwa sababu ufundi huu ulipita sana katika njia za ukoo. Ukifuata minyororo hiyo kwa subira utarudi hadi kwa wanafunzi wa mwanzo kama January Linda, Ajaba Abdallah na Simon Mpata, na utaona kwamba kila mnyororo una namna yake ya kuchora jicho la mnyama.

Picha nazo ni ushahidi, ila zisomwe kwa tahadhari. Za mwanzo zilichorwa kwenye vipande vya mraba vya hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa), vingi vikiwa na upande wa sentimita 60 hivi, kwa rangi ya mafuta inayong'aa iliyotumika kupaka baiskeli. Turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, ilienea baadaye. Geuza ubao uutazame nyuma, na usikubali saini peke yake, kwani jina la mwanzilishi limeghushiwa mara nyingi.

Kuhusu nyaraka sina mengi. Omba kuona katiba ya chama, mihtasari ya mikutano na daftari la wanachama. Ukikwama, Mrajis wa Vyama vya Ushirika ndiye wa kumwandikia barua. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu zake kwa miaka iliyotangulia. Binafsi, vitabu vya risiti huniambia mengi kuliko mihtasari, ambayo huandikwa ili ugomvi usionekane.

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya wanachama, kwa Kiswahili, hata kama chuo chako kinataka Kiingereza. Watabishana. Andika nani amepinga nini, umwombe ruhusa ya kumtaja, kisha uache pingamizi lake ndani ya maandishi, mahali pale pale lilipotolewa.